Anayekoroma Hajisikii

Mgonjwa aliyenisumbua kuliko wote katika miaka yangu ya unesi hapa Mafia hakuwa na kidonda, hakuwa na homa, wala hakuwahi kulalamika. Alikuwa akilala tu. Alilala kwenye benchi la wagonjwa wa nje, alilala kwenye semina, alilala msikitini khatibu akiwa mimbarini, na kwa hilo la mwisho sikumlaumu sana, maana hata waliokuwa macho hawakuweza kukuambia hotuba ilihusu nini. Kibaya zaidi, alilala ameshika usukani, na mimi nimekaa pembeni yake.

Anaitwa Bakari. Alikuwa dereva wa gari la wagonjwa la kituo chetu, na yu hai mpaka leo, ndiyo maana nilimwomba ruhusa kabla ya kumsema mbele yenu. Akanijibu, "Sema, dada Kidawa, ila usitaje uzito." Basi uzito sitaji. Nitasema tu kwamba fundi aliyekuwa akimshonea kanzu pale Kilindoni alimpima shingo mara mbili kila safari, ya pili kwa sababu hakuiamini ya kwanza.

Nyinyi wanangu mnaovaa sare nyeupe sasa hivi, na hata nyinyi msiosomea uuguzi lakini mna baba anayetikisa mabati akilala, sogeeni karibu. Nimestaafu, hakuna tena mkuu wa kituo wa kuniita ofisini, kwa hiyo mtapata ya kituoni na ya chumbani kwa pamoja. Haya ya usingizi mimi sikuyasoma chuoni. Chuoni tulifundishwa kutandika kitanda kwa pembe zilizonyooka, na tulifundishwa kwamba mgonjwa akilala tumshukuru Mungu tukanywe chai.

Huku kwetu mkoromo una heshima zake. Mwanamume akikoroma, watu husema amekula akashiba, ana mke anayejua kupika, hana jambo linalomkosesha usingizi. Asiyekoroma ndiye wa kutiliwa shaka. Kwa hiyo Bakari alipokoroma mpaka nyumba ya tatu wakasikia, hakuna aliyesema ni ugonjwa. Walimsifu. Aliyesemwa ni mkewe, Mwanahawa, kwa sababu jua lilikuwa likipanda yeye bado yuko ndani na uwanja wake haujafagiwa. Mnajua wanawake wa kijijini walivyo na jicho la uwanja wa mwenzao. Walisema kisimani kwamba Bakari amemwoa Mwanahawa, Mwanahawa kaolewa na usingizi, na mimi niliposimuliwa nikacheka pamoja nao.

Sasa niwapeleke kwenye shamba la mihogo.

Siku hiyo tulimchukua mama mjamzito Kiegeani, uchungu umeshika, tunampeleka Kilindoni. Nyuma kalala yeye, pembeni yake mama mkwe, bibi mwenye ulimi wa kupasulia kuni. Ilikuwa baada ya adhuhuri, barabara kavu, hakuna gari mbele wala nyuma. Niligeuka kidogo kumwambia mzazi avute pumzi. Niliporudisha uso mbele, naona majani ya mihogo yanapiga kioo. Bakari kidevu kiko kifuani. Nikamtandika kofi ambalo mpaka leo naliona ndiyo huduma bora kuliko zote nilizotoa katika utumishi wangu. Akashtuka, akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya shamba la watu.

Mama mkwe akauliza kutoka nyuma, "Dereva, tulikwambia tunakwenda kuzaa au tunakwenda kuvuna mihogo?"

"Kuku," akasema Bakari. "Kuku kanikatizia."

Hapakuwa na kuku. Mtoto alizaliwa salama jioni ile, na bibi yake akashikilia aitwe Muhogo mpaka baba mtu akaingilia kati. Pale kituoni ikawa msemo: mtu akichelewa kazini, tunamuuliza kama amekutana na kuku wa Bakari. Tulicheka sana. Lakini mimi, wanangu, kuanzia siku ile nilikuwa nikipanda gari lile napiga shahada kwanza, mkanda baadaye. Nilikuwa na hofu ya kweli. Nilimwogopea yeye, nikajiogopea mimi, nikamwogopea kila mama ambaye angelala pale nyuma. Na nilijua nikienda kwa mkuu wa kituo kusema dereva analala, Bakari atanyang'anywa usukani siku hiyo hiyo, na Bakari bila usukani hakuwa Bakari. Alikuwa akilijua kila shimo la kisiwa hiki kwa jina la mtu aliyewahi kutumbukia.

Kuna kitu kilikuwa kinamla, hilo tuliliona. Sisi wa kituo tukaanza kumtibu, na hapa naomba mcheke polepole. Kwanza malaria. Zamani kila kitu kilikuwa malaria mpaka kithibitishwe vingine, na tukishathibitisha vingine tulipima tena. Tulimchoma kidole Bakari mpaka kijana wa maabara akaniuliza, "Dada Kidawa, huyu mnampima au mnamkamua?" Kisha presha. Presha yake ilikuwa juu, tukampa dawa. Haikushuka, tukaongeza dawa. Haikushuka tena, nikamwambia humezi, ungemeza ingeshuka, wewe mwongo. Alikuwa anameza. Nikahamia kwenye chumvi, nikamkataza ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, na hapo kweli alikuwa mwongo, maana nilimfuma kwa jirani yake ana mkia wa papa mkononi.

Dalili zote zilikuwa zimekaa mbele yetu kama wageni waliokaribishwa wasipewe kiti. Kila asubuhi kichwa kinamuuma, kisha jua likipanda kinaacha. Akiamka kinywa kikavu, anasema kama amelamba jivu la jikoni. Usiku anakwenda haja ndogo mara nyingi kuliko wazee wa rika la babu yake. Tukampima sukari, sukari hana. Alikuwa mtu wa mzaha, akawa mkali. Siku moja alinifokea kwa kubamiza mlango ambao aliubamiza yeye. Anasahau. Anakaa, analala. Anasimama akiegemea ukuta, analala. Tukazitibu dalili moja moja, hakuna aliyezikusanya.

Yeye mwenyewe alikuwa na maelezo yake. Alisema ni jinamizi: mara nyingine anashtuka amekabwa, anatweta, moyo unapiga ngoma. Akaenda kwa shehe akaandikiwa kombe, aya zilizoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, akanywa. Mimi sina neno na kombe, nimelinywa pia, na kama limekutuliza moyo ni heri. Tatizo lake halikuwa moyoni tu. Akaja ami yake akatangaza kwamba dawa ni kukata kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kwamba kimekuwa kirefu ndicho kinachomkaba. Nilimwambia ami, akithubutu kuingiza kisu chake kinywani mwa dereva wangu, na mimi nitamtafutia sindano iliyokaa kabatini tangu enzi za mkoloni. Wanangu, hili si la mzaha. Kimio cha kukatwa barazani kinaleta damu isiyokatika, kinaleta usaha, kinaleta pepopunda, na mwenyewe anabaki anakoroma vile vile, kama hakufa.

Aliyezikusanya dalili ni Daktari Neema, binti kutoka bara, mgeni pale kituoni, mpole kwa sura lakini macho yake yanakaa juu ya kitu hadi kieleweke. Mchana mmoja Bakari alikuwa anangoja gari libadilishwe oili. Kakaa kwenye kiti chini ya kibaraza, kichwa nyuma, kinywa wazi, anakoroma. Sisi tunapita, tumezoea. Daktari akasimama.

"Nesi, njoo usikie," akaniita.

"Huyo ndiye Bakari, daktari. Utamzoea."

"Usisikilize mkoromo. Sikiliza unapokatika."

Nikasimama. Mkoromo ukapanda, ukapanda, ukakatika. Kifua kinahangaika, tumbo linanyanyuka linashuka, lakini puani hakuna hewa, kinywani hakuna hewa. Kimya. Nimewafumba macho watu wengi katika kazi hii, na ukimya ule nilikuwa naujua. Nikanyoosha mkono nimtikise, daktari akanizuia kidogo, na hapo Bakari akakoroma kwa mkupuo, akapiga mdomo kama anatafuna, akaendelea na usingizi wake. Hajui lolote. Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi.

Daktari alinieleza kwa maneno ambayo mtoto angeelewa, na ndiyo ninayowapa nyinyi. Tukilala, nyama za koo hulegea. Kwa wengine hulegea kupita kiasi, ulimi unarudi nyuma, njia inajifunga. Mtu hapumui. Damu inapungukiwa hewa, ubongo unapiga kelele, mwili unagutuka kwa nukta chache tu, koo linafunguka, anavuta, analala tena. Usiku kucha ni hivyo, mara nyingi mno, na asubuhi hakumbuki hata moja. Anaamini amelala. Kumbe amekesha anapigania pumzi. Kila mgutuko unapandisha presha, unaulemea moyo, na mwisho wake unaweza kuwa kiharusi, au moyo kusimama, au shamba la mihogo. Na mambo ya mume na mke nayo hulegea. Hilo wanaume huwa mnalisikia haraka kuliko habari za moyo, kwa hiyo ukishindwa kumshawishi mzee kwa moyo, anzia huko.

Bakari tulipomwita akacheka. "Mimi sipumui? Na huyu anayezungumza nanyi ni mzuka? Nalala usingizi wa pono. Kama hamniamini, muulizeni mama Asha." Mama Asha ndiye Mwanahawa, Asha ni binti yao mkubwa.

Daktari akamwita Mwanahawa kituoni. Akamkalisha chumbani kwake, mume kakaa hapo hapo, mimi nimesimama mlangoni.

"Mama, mumeo anakoroma?"

"Kama watu wengine."

"Pumzi yake huwa inakatika akilala?"

Mwanahawa akatazama pindo la kanga yake. "Analala vizuri, alhamdulillahi."

"Huwa anashtuka, anatweta?"

"Mimi sijui, daktari. Nikilala nimelala."

Macho yake yalikuwa mekundu na chini yake mna weusi kama wa mtu anayeuguza. Bakari akasimama, akajinyoosha, akatutazama kama aliyeshinda kesi kwa kadhi. Basi, akasema, mwenye nyumba ameshatoa ushahidi, naomba nikaoshe gari. Daktari Neema akaniuliza kwa nini mke aseme uongo katika jambo la uhai wa mumewe.

Daktari alikuwa na elimu yote iliyotakiwa, ila hakuzaliwa huku. Mwanamke wa kwetu akiolewa anafundwa na somo wake, bibi anayekaa naye siku zile za unyago na harusi akamfundisha mambo ya nyumba. Na la kwanza katika mafundisho yote ni sitara: cha chumbani kinabaki chumbani. Mume akiota akaropoka, hukusikia. Mume akikojoa kitanda, maji yamemwagika. Mimi nimefundwa hivyo, mama yangu alifundwa hivyo. Sasa unamkalisha Mwanahawa mbele ya mumewe, mbele ya mgeni, unamwambia aeleze mume wake anafanyaje akilala. Ungemwomba avue kanga sokoni angeona nafuu.

Nikajua kuna mtu mmoja tu duniani anayeweza kulifungua fundo lile, yule aliyelifunga.

Bi Zuhura, somo wake Mwanahawa, nilimkuta kwake anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." "Marahaba. Nani kafa?" Ndivyo alivyokuwa akipokea manesi. Nikamwambia hajafa mtu bado, ila yuko njiani, na nikamweleza yote: shamba la mihogo, kiti cha kibarazani, ule ukimya. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza akauliza, "Na Mwanahawa kasema nini?"

"Kasema analala vizuri, alhamdulillahi."

Bibi akatema ukili aliokuwa ameushika kwa meno. "Niitieni mwanangu."

Mwanahawa akaja, akapiga magoti, akambusu mkono somo wake. Bi Zuhura hakumkaribisha hata maji.

"Nilikufunda nini?"

"Cha chumbani kibaki chumbani, somo."

"Nilikufunda ufunike aibu. Sikukufunda ufunike maiti. Sema."

Mwanahawa akafungua fundo la kanga yake, akatoa tasbihi ya punje nyeusi, akaiweka juu ya mkeka. Akasema kwamba kila usiku hukaa kitandani ameishika. Bakari akinyamaza, yeye anaanza: Subhanallah, punje, Subhanallah, punje. Akipumua, anaacha. Akinyamaza tena, anaanza upya. Kuna mara hafiki mbali. Kuna mara anafika kwenye kile kishada kinachogawa tasbihi, na hapo humpiga teke la mguu mpaka avute. Anaogopa kulala, maana siku akilala na Bakari asivute, nani atampiga teke? Kwa hiyo hulala alfajiri, mume akishaamka. "Tangu Asha anaacha ziwa," akasema, na Asha wakati huo alikuwa anasoma sekondari.

Nikakumbuka ule uwanja usiofagiwa na kicheko changu. Nilitaka kulia, nikajifanya napenga kamasi. Bi Zuhura yeye hakujifanya. Alilia wazi, akamvuta mwanamke yule akamlaza kichwa mapajani, juu ya ukili wote.

Jioni tulikwenda kwa Bakari wanawake watatu. Alipomwona bibi akainuka haraka, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa kwa shida. Mwanahawa akasema mwenyewe, sauti ndogo lakini haikutetemeka. Alipofika kwenye tasbihi, Bakari akashika ukuta.

"Kwa nini hukuniambia, mama Asha?"

"Ulitaka nikwambie usiku kucha unakufa, halafu asubuhi nikupe chai?"

Bakari akakaa, akainamisha kichwa, na swali lililomtoka baada ya hapo halikuwa la moyo wala la kiharusi. Aliuliza, "Na gari?" Hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa anajijua. Siku zote alijua kwamba hapakuwa na kuku. Nikamwambia ukweli: utakaa pembeni ya usukani mpaka daktari akuruhusu, hilo halina mjadala, lakini hufukuzwi, afadhali wewe uoshe gari kuliko sisi tukuoshe wewe. Bi Zuhura akasema amina, ingawa haikuwa dua.

Akapelekwa Dar es Salaam kupimwa. Kipimo chenyewe ni kulala: unafungwa mkanda kifuani, kibomba puani, kibanio kidoleni kinachosoma hewa ya damu, kisha unaambiwa lala. Alituambia kwamba katika maisha yake ndiyo mtihani pekee aliofaulu bila kusoma. Majibu yakasema ugonjwa umekomaa.

Tiba yake ni nyingi, na mtu hupewa kulingana na hali yake, kwa hiyo msije mkamgawia kila anayekoroma dawa ya Bakari. Wengine ni uzito tu. Wakipungua, koo linapata nafasi. Bakari aliambiwa apunguze, na wali wa nazi wa usiku ukageuka kuwa kisahani ambacho alikitazama kama kimeibiwa. Wengine wanakabwa wakilala chali tu. Kwa hao kuna ujanja wa kulala ubavu, wa kushonewa mpira mdogo mgongoni, na kwa kuwa mpira haukupatikana, Mwanahawa alishona mfuko mgongoni mwa fulana akatia kidaka, nazi changa ndogo. Akigeuka chali, kidaka kinamchoma. Bakari aliota anasakwa na polisi wenye marungu siku tatu mfululizo. Kilimsaidia kiasi, kwa mgonjwa wa hali nyepesi kingetosha, kwake hakikutosha. Sigara inavimbisha koo, iachwe. Pombe inalilegeza koo zaidi, na dawa za usingizi vivyo hivyo, hata zile za mafua zinazoleta usingizi. Msimpe mtu wa namna hii eti apumzike. Bakari ni Mwislamu safi na tembo haonji, ila jirani yake mgema alikuwa na tabia ya kusahau kibuyu upande wa Bakari wa ua. Nilimwomba jirani aache kusahau.

Kuna kifaa cha kuvaa kwenye meno kinachovuta taya la chini mbele, kinawafaa wengine. Kuna upasuaji, na huo hufanywa na daktari hospitalini, si ami barazani. Watoto nao wanaupata ugonjwa huu, mara nyingi kwa mafindofindo yaliyovimba. Mtoto anakoroma, anakojoa kitandani ameshakuwa mkubwa, anasinzia madrasa anachapwa, kumbe ni wa kupelekwa kwa daktari. Na msidhani ni wa wanene peke yao. Nimewaona wembamba wanaokabwa, na wanawake waliokoma hedhi ndio usiseme. Mjukuu wangu ananiambia na mimi nakoroma siku hizi. Nimemwambia asikilize unapokatika.

Leo mna simu. Mrekodini mzee akilala mchana, mpelekeeni daktari. Lakini ni kwa daktari, si kwenye kundi la ukoo, maana sitara haijafutwa. Na mkimuuliza mgonjwa analala vipi, mmsikilize kwa adabu, kisha mkamtafute anayelala karibu naye. Muulizeni peke yake, mlango umefungwa, na kama hasemi msimwite mwongo. Tafuteni aliyemfunda.

Bakari alipewa mashine. Ni kisanduku kidogo kinachosukuma hewa kupitia bomba mpaka kwenye barakoa ya puani, na hewa ile inalishika koo lisijifunge. Haiponyi, inafanya kazi siku unayoivaa, na usipoivaa umerudi ulikokuwa. Inataka kusafishwa, inataka umeme, na kwa kuwa umeme wa kisiwani unajua kuondoka bila kuaga, tukampatia na betri ya sola. Alipoijaribu kituoni alijitazama kwenye kioo akasema havai kitu kile mbele ya mkewe. Nikamwambia pale Ghuba ya Chole wazungu wanatoka kwao kwa ndege ili wavae hivyo hivyo wakaingia chini ya maji, na wake zao wanawapiga picha. Akaichukua.

Nilikuwa nimeahidi kwenda kumtazama asubuhi baada ya kuivaa mara ya kwanza. Nikafika jua limeshapanda. Uwanja haujafagiwa. Nikapiga hodi, kimya. Nikapiga tena. Jirani akatoa kichwa juu ya ua akasema, "Hapo utasubiri, dada. Wenyewe ndiyo zao." Nikasogea dirishani nikategea sikio. Mkoromo hakuna.

Ukimya mimi nilikuwa nimeshaujua maana yake. Nikaupiga mlango kwa viganja viwili, nikaita Bakari, nikaita Mwanahawa, nikawaita kwa majina ya baba zao. Jirani akaja na mchi wa kutwangia, tayari kuvunja.

Mlango ukafunguka. Mwanahawa kasimama jicho moja limefumba, kanga imekaa upande, shavuni amechorwa mistari ya mto. Nyuma yake nikausikia mvumo mdogo wa mashine, na ndani ya mvumo ule pumzi inaingia, inatoka, inaingia, bila kukatika.

"Bakari?" nikauliza.

"Kalala."

"Na wewe?"

Akatazama chini, kama aliyefumaniwa. Tasbihi ilikuwa bado mkononi mwake, imemviringika kwenye vidole. "Niliishika nikangoja akatike, dada. Hakukatika. Sijui nilipitiwa saa ngapi."

Jirani alikuwa anatazama uwanja. Nikamwambia Mwanahawa arudi ndani akalale, akarudi. Kisha nikachukua fagio lake la chelewa pale ukutani, nikafagia uwanja ule wote, taratibu, nisije nikawaamsha.